Ukurasa wa Shavu la Kushoto

Chumba cha Mama Poda kilikuwa mwisho wa ujia, baada ya stoo ya nyaya na kabla ya choo cha wanawake, na kila aliyetaka kuonekana katika filamu za kampuni ile, awe mfalme wa hadithi au mpita njia wa kufumba na kufumbua, alilazimika kwanza kupita humo. Kilikuwa na kiti kimoja cha kinyozi, kioo kirefu kilichozungukwa na taa kumi na mbili ambazo tatu kati yake zilikufa zamani, meza iliyochubuka kingo, na harufu. Harufu hiyo ilikuwa ya poda, spiriti na sifongo mbichi, na waigizaji waliostaafu walisema kwamba hata uzeeni, wakiinusa popote, hushikwa na hofu ya kusahau maneno.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na minne, mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake, kana kwamba aliviazima kwa mtu akasahau kuvirudisha. Jina alilopewa na wazazi wake halikutumika tena ila katika karatasi za serikali. Alianza kazi akiwa binti, siku ambazo kampuni nzima ilikuwa kamera moja na mwavuli wa kuikinga jua, na watu walikula pamoja kutoka sufuria moja bila kuuliza nani ni nyota na nani anashika taa. Siku hizo zilikwisha taratibu, na yeye akabaki.

"Mama Poda, nirudishe ujana," mzee mmoja mwigizaji alimwambia asubuhi moja.

"Mzee wangu, mimi ni mpambaji, si Mwenyezi Mungu. Inua kidevu."

Fahari yake kubwa haikuwa brashi wala rangi, bali daftari. Filamu, kama wajuavyo wanaoitengeneza, haipigwi kwa kufuata hadithi. Mtu huweza kupigwa picha leo akitoka mlangoni, na baada ya wiki mbili ndipo apigwe akikanyaga barabara iliyo nje ya mlango huohuo, na watazamaji wakadhani ni hatua moja. Basi uso wa leo lazima ufanane na uso wa wiki mbili zijazo, jasho kwa jasho na kovu kwa kovu. Kwa sababu hiyo Mama Poda alikuwa na kamera ndogo ya kutema picha papo hapo. Kila onyesho lilipokwisha, kabla mtu hajajifuta, alimpiga picha, akaibandika daftarini, na chini yake akaandika rangi alizotumia, kwa kiasi gani, na ipi ilitangulia. Mwandiko wake alifundishwa na masista, herufi zimeinama mbele zote pamoja kama watu watembeao dhidi ya upepo. Na sharti lake lilikuwa moja tu, ambalo aliwahubiria wote waliopita mikononi mwake: usiandike usichopaka. Kabatini mlikuwa na madaftari ya miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kukuta humo neno la uongo.

Nyota wa kampuni aliitwa Kipenzi. Aliingia pale miaka kumi na mitano nyuma akiwa mbeba viti, mbavu zimemtoka, na Mama Poda ndiye aliyemkalisha mbele ya kioo mara ya kwanza, akamfuta vumbi, akamwambia mwongozaji, "Hebu mtazameni huyu." Wakamtazama, na tangu hapo nchi nzima haikuacha kumtazama. Naye hakumsahau aliyemvumbua. Alimwita mama, alimletea kanga kila atokapo safari, na alipokuwa na homa hakutaka mkono mwingine umguse paji la uso.

Lakini mafanikio yalimpa mkono mwepesi. Dereva aliyechelewa kwa dakika kumi alishushwa katikati ya barabara kuu, akarudi mjini kwa miguu. Mtayarishaji, ambaye ndiye mwenye kampuni, akasema Kipenzi amechoka, maana anabeba filamu nzima mabegani. Fundi cherehani aliyembana suruali kiunoni alimwagiwa chai ya moto mikononi. Mwongozaji akasema joto hilohilo ndilo linalowaka kwenye skrini, huwezi kulitaka huku ukalikataa kule. Mpishi alibanwa mkono na mlango uliobamizwa kwa hasira hata vidole viwili vikavunjika, naye akaambiwa kwamba mkono wake ulikuwa mahali pasipouhusu.

Na Mama Poda? Mama Poda alimpaka fundi cherehani dawa ya kuungua, kisha akampaka rangi juu ya dawa ili wageni waliokuwa wakija siku ile wasiulize maswali. "Njaa tu ile," alisema. "Mtoto yule akishiba ni malaika." Fundi cherehani alimtazama, akaivuta mikono yake, akarudi kwenye mashine.

Nyumbani kwake, vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo, aliishi na mtoto wa marehemu dada yake. Dada huyo alifariki binti akiwa na miaka saba, na Mama Poda, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpokea akiwa na mfuko wa nguo na kiatu kimoja; cha pili kilipotea njiani. Alimwita Chiriku, kwa kuwa tangu kuamka hadi kulala hakunyamaza. Mtoto alifanyia kazi zake za shule chini ya kioo chenye taa, akiwauliza waigizaji majibu ya hesabu na kupewa majibu mabaya kwa sauti nzuri. Alipofika miaka ishirini na mitatu akashindana na wasichana arobaini, akapata nafasi ya mke wa mlevi katika filamu mpya ya Kipenzi. Hakubebwa na mtu. Mama Poda aliona kwa macho yake jinsi wale waliomsaili walivyoacha kutafuna.

"Mama mdogo," Chiriku alisema asubuhi ya onyesho la thelathini na saba, uso umeinuliwa chini ya brashi, "nikianguka vizuri leo wataniona wapi?"

"Kila mahali penye umeme. Funga mdomo nikupake."

"Nikifunga mdomo nitakufa."

"Basi kufa kidogo, dakika mbili tu."

Katika onyesho hilo mume anampiga mkewe kofi. Kofi la filamu lina ufundi wake: mkono hupita shubiri moja mbele ya shavu, anayepigwa hutupa kichwa pembeni, na mlio hutiwa baadaye na fundi wa sauti kwa kugonganisha viatu viwili vya ngozi. Walifanya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwongozaji akatikisa kichwa.

"Binti anageuka kabla mkono haujafika. Siamini. Nipeni kitu nikiamini."

"Niachieni mimi," Kipenzi akasema, akikunja mkono wa shati.

Mara ya nne hapakuwa na shubiri. Mlio wake haukufanana na viatu vya ngozi. Ulikuwa mfupi na mnyevu, na Chiriku akaenda chini kama nguo iliyodondoka kambani. Mdomo ulipasuka pembeni, shavu la kushoto likaanza kufura machoni pa watu, na weupe wa jicho ukaingia damu. Mwongozaji hakusimamisha kamera. Kipenzi akaendelea na maneno yake yote, akimzunguka pale sakafuni, na ulipita muda mrefu ndipo neno "Kata!" likasikika, likifuatwa na jingine: "Hicho! Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote!"

Watu wakapiga makofi. Kipenzi akamwinua binti kwa kiwiko. "Umeona? Nimekutoa kitu ambacho hukujua unacho. Utanishukuru."

Mama Poda alikuwa amekwisha kupenya katikati ya watu. Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo mtu wa kazi nyingine yoyote asingelifanya. Mkono wake, uliozoea kwa miaka thelathini na mmoja kuwahi kabla uso haujafutwa, ulitangulia moyo wake.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Usijifute. Tazama taa."

Chiriku, aliyekuwa akinyoosha mikono ashikwe, akatazama taa. Kamera ndogo ikalia, ikatema picha. Baada ya hapo ndipo kitambaa kilipoletwa, na maji, na maneno ya pole. Jioni Mama Poda aliibandika picha ile, akaandika juu yake: *Onyesho la 37, shavu la kushoto, mdomo, jicho.* Chini, mahali pa rangi, hakuandika kitu. Hakuwa amepaka kitu.

Jeraha la kijana hupona haraka, lakini hadithi ilimtaka mke yule akae na jeraha hadi mwisho. Kwa siku kumi na nane zilizofuata, kwa kadiri uvimbe ulivyoshuka na mdomo ulivyofunga, ndivyo Mama Poda alivyolazimika kulirudisha kila asubuhi kwa brashi, akililinganisha na picha: zambarau chini ya jicho, nyekundu iliyokolea pembeni mwa mdomo, manjano kidogo kingoni, gundi ya kuvutia ngozi. Alilitengeneza kofi lile mara kumi na nane kwa mkono wake, taratibu, akipuliza likauke. Chiriku hakuzungumza tena kitini. Siku ya tano tu alisema, "Mama mdogo, upande huu nasikia kama bomba limeachwa wazi."

"Litapita."

Halikupita. Daktari aliangalia ndani ya sikio la kushoto akasema ngoma imechanika vibaya na usikivu wa upande ule hautarudi. Aliandika barua. Barua ilisema sikio limeharibiwa na kishindo. Kishindo cha nini, daktari hakuwepo akakiona.

Chiriku akaipeleka barua ofisi ya kazi. Afisa mmoja akaisoma mara mbili, akamwambia kwa upole kwamba filamu yenyewe haithibitishi kitu, kwa kuwa katika filamu watu hupigwa na hata kuzikwa, kisha hurudi nyumbani kula. Alete mtu aliyeona, au kitu kilichofanywa siku ileile.

Waliokuwepo kwenye onyesho siku ile walikuwa ishirini na sita. Mpiga picha alisema alikuwa akiangalia ukali wa picha, si mkono. Fundi wa sauti alisema alikuwa na vifaa masikioni na siku hiyo vilikuwa na mkwaruzo. Mshika taa aliangalia taa. Mwandishi wa maneno aliangalia maneno. Fundi cherehani ndiye pekee aliyekuwa tayari kusema, lakini siku ile alikuwa ghorofa ya chini akishona vifungo.

"Basi lipo daftari lako," Chiriku alimwambia mama yake mdogo usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, wakipanguza vyombo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sauti yake ilikuwa na wepesi. "Afisa anakuja kesho saa nne. Huna haja ya kusema neno hata moja, mama mdogo. Mfungulie tu ule ukurasa. Kurasa zote zina rangi, ule mmoja hauna. Hata mtoto ataelewa."

"Nitamfungulia," Mama Poda alisema, naye alimaanisha.

Alfajiri alipofika kazini alimkuta mtayarishaji amekaa kwenye kiti cha kupambwa, miguu imening'inia.

"Shikamoo, mama. Unajua jinsi ninavyokuheshimu."

"Marahaba. Ukianza hivyo najua kuna jambo."

"Jambo dogo. Ukurasa wa thelathini na saba hujaumaliza."

"Nimeumaliza."

"Hauna rangi."

"Hapakuwa na rangi."

Mtayarishaji akatabasamu kama mtu anayemsubiri mgonjwa ameze dawa. "Kurasa kumi na nane zinazofuata zina rangi. Mmoja hauna. Mgeni akiona atasema umesahau, na mimi sitaki mtu aseme Mama Poda husahau."

"Yule ni mtoto wa dada yangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako badala ya kwenda kwa mwanasheria. Mwanasheria atamwita mwongo mbele za watu. Wewe utamwita mtoto aliyechanganyikiwa, yaishe. Tafakari, mama. Kesi ikifa, filamu inatoka na uso wa mwanao unabandikwa kila ukuta. Si ndicho alichokitaka tangu akiwa na sketi ya shule humu ndani? Kesi ikiishi, filamu inafungiwa kabatini. Nani atamkalisha tena mbele ya kamera? Na hawa ishirini na sita, wakirudi nyumbani kukaa, watamkumbuka nani?"

Akashuka kitini. Mlangoni akageuka. "Na Kipenzi hajala tangu jana. Anasema mama amemkasirikia."

Kipenzi aliingia kabla hatua za mwenzake hazijaisha ujiani. Hakukaa kitini. Alikaa sakafuni, akaegemea magoti ya Mama Poda kama alivyokuwa akifanya enzi za kubeba viti.

"Mama, unanionaje?"

"Naona mtu aliyempiga mwanangu."

"Ule haukuwa mkono wangu. Ulikuwa mkono wa yule mlevi. Mimi nikiingia ndani ya mtu sitoki mpaka niambiwe kata. Wewe si ndiye uliyenifundisha? 'Ingia wote, usibaki mlangoni.' Nikaingia. Leo nahukumiwa kwa kuingia."

"Hasikii, mwanangu. Sikio moja limekufa."

"Na mimi nimeumia, mama. Mkono huu uliniuma siku mbili." Machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi mazuri, yakitiririka pande zote mbili sawasawa. "Akija kuniomba radhi nitamsamehe. Sina kinyongo na mtoto."

Mama Poda alinyoosha mkono, akachukua sifongo, akamkausha machozi. Macho yakivimba asubuhi, kamera huyaona mchana kutwa. Alipokuwa akimfuta alikumbuka mbavu za mbeba viti yule wa zamani, na namna alivyoula mkate wake wa kwanza humu ndani kwa kuuficha kiganjani. Na huruma hiyo ya miaka kumi na mitano ikamjia nzima kama ilivyokuwa, isijue kwamba mtu iliyemtafuta hayupo tena.

Kipenzi alipoondoka, akalifungua daftari. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya Chiriku, kwa ajili ya kuta zile zitakazobandikwa uso wake, na labda robo ya maneno hayo ilikuwa kweli. Robo nyingine ilikuwa mapenzi kwa yule aliyetoka. Iliyosalia ilikuwa hofu ya mwanamke mnene wa miaka hamsini na minne asiyejua kazi nyingine wala chumba kingine. Akashika kalamu. Aliandika zambarau, nyekundu iliyokolea, manjano kingoni, gundi. Kisha akaitazama picha kwa makini ya kazi, akaona kwamba kingo za uvimbe zilikuwa na ukijani kidogo, akaongeza: *kijani, tone moja, kwa ncha ya kidole.* Alitaka uongo wake wa kwanza usiwe na dosari.

Afisa alikuja saa nne kamili, mtu mstaarabu mwenye tai fupi. Chiriku alikuja naye, amefunga nywele nyuma masikio yote mawili yaonekane. Mtayarishaji akaleta viti. Daftari likafunguliwa mezani, chini ya taa tisa zilizokuwa bado zikiwaka.

Chiriku aliinama kumwonyesha afisa ukurasa kwa kidole, na kidole kikasimama hewani.

"Hapa palikuwa patupu," alisema.

Akamgeukia Mama Poda.

"Mama mdogo. Hapa palikuwa patupu."

"Ni rangi, mwanangu," Mama Poda alisema, akilitazama daftari. "Ulianguka ukazimia kidogo. Hukumbuki nilipokupaka."

Afisa aliinua miwani. Alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba kwa jicho lake picha ile inaonekana damu kabisa; je, mama anaweza kumfanyia nyingine hapahapa, alinganishe?

Chiriku ndiye aliyejibu. Alipanda kwenye kiti cha kinyozi, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. "Nipake, mama mdogo. Mimi nimezoea."

Ilichukua dakika ishirini. Mungu amsamehe mwanamke yule, mkono wake haukutetemeka. Vidole vilikuwa vimeshaipita njia ile mara kumi na nane na havikuhitaji kuuliza. Zambarau, nyekundu, manjano. Na mwishoni, kwa ncha ya kidole, tone la kijani. Akapuliza likauke. Pumzi yake ilipopita juu ya sikio la kushoto, Chiriku hakushtuka.

Afisa alishika picha kando ya uso, akatazama huku, akatazama kule, akacheka kwa mshangao wa kweli. "Ajabu! Mama, una mikono ya dhahabu. Binti, hata wewe mwenyewe unaweza kuniambia ipi ni ipi?"

Chiriku alijitazama kiooni. "Ile ya pichani iliuma," alisema.

Afisa akaandika jambo, akafunga mkoba. Njiani kutoka alikutana na Kipenzi, akamwomba aweke sahihi kwenye karatasi, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya watoto wake, na Kipenzi akaweka, akachora na moyo.

Chiriku hakuomba maji ya kunawa. Aliondoka vilevile, akapita barabarani mchana kweupe na jeraha lake la rangi, watu wakimpisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndoo za plastiki alimshika mkono. "Maskini! Nani kakufanyia hivi, binti?"

"Mama mdogo wangu," Chiriku alijibu, akaendelea na safari.

Maneno hayo yalimfikia Mama Poda kabla ya jioni, maana mwuza ndoo alikuwa jirani yao wa mtaa wa pili.

Filamu ilitoka. Uso wa Chiriku haukubandikwa ukutani. Mtayarishaji alisema mtu mgumu hatangazwi. Maneno yake mengi yalikatwa, akabaki mwanamke anayepigwa na kutazama. Lakini kofi lile liliachwa lote, na watu waliokuwa wakitafuna kwenye viti vya giza waliacha kutafuna. Wakati wa kugawa tuzo ulipofika, wakuu wa fani walimpa Kipenzi yake kama ada, na wakatoa moja ambayo kampuni ile haikuwahi kuipata: tuzo ya upambaji, kwa jeraha la onyesho la thelathini na saba. Walilionyesha kubwa kwenye skrini, ukubwa wa nyumba: lile la siku ya kwanza, lenye damu ya kweli. Kipenzi alimshika Mama Poda mkono akampandisha jukwaani mwenyewe.

"Huyu," aliwaambia watu, "ndiye anayezijua sura zangu zote, na hajawahi kumwambia mtu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Poda naye akacheka.

Tuzo, kibuyu cha kioo chenye maandishi, ipo juu ya kabati la vyombo nyumbani. Kipenzi anapiga filamu nyingine. Mpishi mpya amekwisha kuonywa aangalie mikono yake. Chiriku anashona sare za shule katika karakana yenye mashine hamsini, mahali ambapo sikio moja ni zaidi ya kutosha. Hakuhama. Hakumvunjia mama yake mdogo heshima hata siku moja: humwamkia, humchotea maji, humwuliza kama amelala vizuri. Jambo moja tu alilibadilisha. Mezani alihamia kiti cha pili, ili upande wake wa kushoto uelekee kwa mama mdogo, na hapo ndipo anapokaa siku zote.

Asubuhi moja ya Jumapili, mvua ikinyesha na chai ikiwa mezani, Mama Poda alilitazama sikio lile dogo, zuri, lisilo na alama, ambalo aliliosha kwa mikono yake tangu lilipokuwa na miaka saba. Akainama karibu nalo.

"Palikuwa patupu," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa damu, mwanangu. Nilijua. Nisamehe."

Chiriku aliendelea kukoroga chai. Mbele yake, katika kioo cha kabati la vyombo, chini ya tuzo, midomo ya mama yake mdogo ilikuwa ikionekana wazi. Akaweka kijiko chini. Taratibu akageuza kiti chote, miguu yake ikikwaruza sakafu, hata sikio la kulia likawa ndilo lililokaribia.

"Sikukusikia, mama mdogo," alisema. "Rudia. Nisemee upande huu."

Mvua ilipiga bati. Mama Poda alifungua mdomo. Aliuona uso ule karibu, safi, macho makavu yakimsubiri, na alijua kwamba akisema sasa, neno litakuwa limesemwa. Litatoka mlangoni, litafika karakana, ofisini, mwisho wa ujia.

"Nimesema," akajibu, "chai inapoa."

"Ahaa," Chiriku akasema. "Asante, mama mdogo." Akakigeuza kiti kama kilivyokuwa, akanywa.